GCTA: programu ya bure, kazi nzuri sana, ila anza kusoma kwenye safu ya SE

Kama unafanya kazi na data za vinasaba, za watu au za mifugo, kuna swali lazima utaulizwa: hii tofauti tunayoiona, mtu huyu mrefu yule mfupi, ng'ombe huyu anatoa ndoo nzima mwenzake nusu jagi, jeni zinaeleza kiasi gani na mazingira kiasi gani? Programu za kujibu hilo swali siku hizi ziko kibao ila mimi ninayoirudia kila mara ni GCTA, na nimeona niiandikie mapitio kwa Kiswahili maana wanafunzi wengi wa masters na PhD huku kwetu wanaanza kuitumia kwa kukopi komandi za mtu mwingine, wanapata namba, wanaibandika kwenye thesisi, na hawajui hiyo namba inasema nini hasa. Naipenda hii programu na nataka watu waitumie vizuri.

Bei ni bure kabisa. Unashusha faili moja la zip, unalifungua, unaanza kazi, hamna kuinstoli mlolongo wa vitu vinavyotegemeana ambavyo kimoja kikigoma vyote vinagoma. Ipo ya Linux, Mac na Windows, ila kwa kazi ya maana tumia Linux maana ndo iko kwenye seva nyingi. Inasoma faili za PLINK, ile programu ya kusafishia data za vinasaba, moja kwa moja, zile tatu za bed, bim na fam, kwahiyo kama data umeshaisafishia kwenye PLINK huna cha kubadilisha. Waliotengeneza ni Jian Yang, Hong Lee, Michael Goddard na Peter Visscher, wakaitangaza rasmi 2011, na tangu hapo imeongezewa mambo mengi. Haina vitufe vya kubonyeza, yote ni kuandika komandi kwenye skrini nyeusi, mtu aliyezoea SPSS siku za mwanzo itamsumbua ila akishaelewa mpangilio hatataka kurudi.

Sasa inafanyaje kazi. Zamani ukitaka kujua urithi unachangia kiasi gani ulihitaji mapacha, au ukoo mzima wenye kumbukumbu, unalinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana unapiga hesabu. GCTA inatumia watu wasio ndugu. Hata watu wawili wasiojuana kabisa wanafanana kidogo kwenye DNA, jozi hii inazidi wastani kidogo, jozi ile iko chini ya wastani kidogo, tofauti zenyewe ni ndogo mno, ila ukiwa na maelfu ya watu unapata mamilioni ya jozi na hapo zile tofauti ndogo zinaanza kuonekana. Programu inapita kwenye snipu zako zote, yaani zile sehemu ambazo herufi moja ya DNA inatofautiana kati ya watu, ziwe laki tatu au milioni, na kwa kila jozi inahesabu wanafanana kiasi gani kuliko ilivyotarajiwa, huku snipu adimu zikipewa uzito zaidi. Matokeo yake ni jedwali kubwa la mraba linaloitwa GRM. Halafu inauliza: je, jozi zinazofanana zaidi kwenye DNA ndo hizo hizo zinafanana zaidi kwa urefu, au presha, au maziwa? Kadiri jibu linavyokuwa ndiyo, ndivyo sehemu ya snipu kwenye tofauti yote inavyokuwa kubwa, na hiyo sehemu ndo urithikaji tunaoutafuta.

Kugawanya variansi, yaani kipimo cha hiyo tofauti yote, kunafanywa kwa REML, njia ya kitakwimu ya Patterson na Thompson ya 1971, ambayo watu wa mifugo walishaizoea miaka mingi kabla watu wa magonjwa ya binadamu hawajaikumbatia. Nalisema hili makusudi. Goddard mwenyewe ni mtu wa ng'ombe, yeye na Meuwissen na Hayes mwaka 2001 ndo walitoa ile kazi iliyofungua njia ya kuchagua mifugo kwa kutumia snipu za jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama. Kwahiyo wewe wa SUA au Egerton unayefanya mifugo usidhani umeazima chombo cha madaktari, hiki chombo kilitoka zizini kikaenda hospitali.

Kwanini naiamini? Kwasababu ya urefu wa binadamu. Tafiti za mapacha zilikuwa zinasema karibu 80% ya tofauti ya urefu ni urithi, ila GWAS za wakati ule, yaani tafiti zinazopima snipu za jenomu nzima moja moja kuona ipi inahusiana na sifa, na snipu zao hamsini hivi, zikijumlishwa zote zilieleza kama 5% tu. Watu wakachanganyikiwa, wakaita urithi uliopotea, wengine wakaanza kusema GWAS ni pesa iliyomwagwa. Mwaka 2010 Yang na wenzake wakachukua watu 3,925 wasio ndugu na snipu 294,831, badala ya kusaka snipu moja moja yenye nguvu wakaziingiza zote kwa pamoja kwa hii njia ya GRM, na ikatoka 45%. Maana yake haukupotea, ulikuwa umetawanyika kwenye maelfu ya snipu ambazo kila moja inasukuma kidogo sana kiasi kwamba sampuli za wakati ule zisingeweza kuiona ikiwa peke yake. Na wakosoaji walikuwepo, wakali kweli kweli. Halafu mwaka 2022 ikaja GWAS ya watu milioni 5.4, wakapata snipu 12,111, na kwa watu wa asili ya Ulaya zinaeleza karibu 40% ya tofauti ya urefu. Yaani kitu ambacho njia hii ilikisema ikiwa na watu chini ya elfu nne kilikuja kuonekana kwa macho miaka kumi na mbili baadaye kwa mamilioni ya watu. Hesabu za kutabiri hivyo ni chache sana kwenye fani yetu.

Kuitumia ni hatua chache tu. Kwanza --make-grm inakutengenezea jedwali, na kama sampuli ni kubwa unaligawa vipande kwa --make-grm-part ili seva isilemewe. Unatoa ndugu wa karibu kwa --grm-cutoff 0.05, af unaendesha --reml ukiipa faili la fenotaipu, yaani sifa uliyoipima, na kovariati zako, yaani vitu vingine vinavyoweza kuigusa hiyo sifa, za namba kwenye --qcovar, za makundi kama jinsia kwenye --covar. Mwisho unapata faili dogo la hsq, mistari kama kumi hivi, unalifungua kwa notipadi. Humo kuna V(G), variansi ya snipu, kuna V(e), mabaki yote, kuna Vp ya jumla, na mstari ambao kila mtu anaukimbilia, V(G)/Vp. Pembeni yake kuna safu imeandikwa SE, yaani kosa sanifu, kipimo cha namba yako inaweza kuyumba kiasi gani.

Hapo kwenye SE ndo nataka tukae.

Kwa data za watu wa asili ya Ulaya wasio ndugu, SE ya huo uwiano inakadiriwa kirahisi kabisa, unachukua 316 unagawanya kwa idadi ya watu. Jaribu na ile ya urefu ya 2010: 316 gawanya kwa 3,925 ni 0.08, na kweli pepa lao linaonyesha 45% na SE ya 8%. Sasa weka sampuli zetu. Watu 1,000, SE ni 0.32. Watu 500, SE ni 0.63. Yaani una watu 1,000, programu inakuletea urithikaji wa 0.40, unafurahi, unaandika kwenye abstrakti jeni zinaeleza 40% ya presha, wakati ukipiga nje kwa SE mbili kila upande unatoka chini ya sifuri hadi unavuka moja. Hiyo namba haijasema chochote! Ingeweza kuwa jeni hazieleze kitu, ingeweza kuwa zinaeleza kila kitu. Ili SE ishuke mpaka 0.10 unahitaji watu 3,160 hivi, na ili ifike 0.03 unahitaji kama 10,000. Kwahiyo hesabu hii ifanye kabla hujaomba ruzuku, kabla hujanunua chipu ya kupimia snipu hata moja, maana ukishamaliza bajeti kwa watu 600 hamna komandi ya kukuokoa.

Na ile 316 ni ya Ulaya. Sisi Waafrika tuna historia ndefu zaidi ya mchanganyiko wa jenomu, vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, kwahiyo jenomu imekatika vipande vingi zaidi vinavyojitegemea, na jozi za watu wasio ndugu zinatofautiana kidogo zaidi kwenye GRM. Tofauti ikiwa ndogo, taarifa inakuwa ndogo, na SE inazidi ile ya Ulaya kwa idadi ile ile ya watu. Juu ya hapo, chipu nyingi za zamani zilichaguliwa snipu kwa kuangalia Wazungu, zinakamata vibaya jeni za huku, V(G) inatoka ndogo kuliko ukweli na mtu anahitimisha eti Waafrika urithi wao uko chini. Hapana kaka, hapana dada, ni chipu hiyo. Tumia chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika kama ile ya mradi wa H3Africa, au fanya imputesheni, yaani kukisia snipu ambazo hazikupimwa, na paneli ya jenomu za kulinganishia yenye Waafrika wa kutosha ndani yake, na kwenye ripoti andika wazi kwamba ni urithikaji wa snipu ulizonazo, usiandike urithikaji kwa ujumla.

Kingine watu hawakijui, kwa kawaida GCTA hairuhusu V(G) kwenda chini ya sifuri. Inaonekana ni busara, variansi hasi ni kitu gani. Ila ukiwa na sampuli ndogo na sifa nyingi, zile ambazo zingetoka hasi zinasukumwa mpaka ukingoni kwenye sifuri, zile za chanya zinabaki juu, na ukichukua wastani wa sifa zako zote umejipandishia bila kujua. Ipo --reml-no-constrain, itumie ukiwa unalinganisha sifa nyingi, ukiona hasi usiogope, ni kelele za sampuli ndogo zinajionyesha wazi na ni bora uzione.

Haya, ndugu. Wengi wanaona wakiacha ndugu ndani SE inashuka sana, na ni kweli, jozi ya mama na mtoto ina taarifa nyingi kuliko maelfu ya jozi za watu baki. Ila swali limebadilika. Ndugu wanashea jeni na wanashea sufuria moja, chandarua kimoja, kisima kimoja, na REML haina macho ya kutofautisha hivyo vitu kama hujaiambia, yote itayamwaga kwenye V(G). Mfano wetu kabisa upo Kilifi, utafiti wa malaria kwa watoto uliotoka 2005. Wao walitumia kumbukumbu za ukoo, hawakutumia GRM, ila somo ni lile lile: jeni zilieleza karibu robo ya tofauti ya nani anaugua malaria mara nyingi, na vitu vya kwenye kaya visivyojulikana navyo vikabeba fungu lao kubwa. Wangesahau kuweka kaya kwenye modeli, fungu la kaya lingehamia kwenye jeni. Na tazama hili linalonigusa mimi zaidi, jeni ya selimundu, ambayo kila mwanafunzi wa biolojia anafundishwa kuwa ndo kinga yetu dhidi ya malaria, ilieleza kama 2% tu ya tofauti yote. Robo ni jeni, mbili kwa mia ni selimundu, hiyo iliyobaki ni nini? Jeni nyingi ndogo ndogo ambazo mpaka leo zinatafutwa. Bila hizi njia za kugawa variansi tungeendelea kuamini kitabu cha form four.

Kwa GCTA suluhisho la ndugu lipo na ni zuri, unatengeneza GRM ya pili kwa --make-bK 0.05 ambayo inabakiza uhusiano wa karibu tu, unaingiza zote mbili kwa --mgrm, ya kwanza inakamata snipu, ya pili inakamata ule urithi wa ziada wa kifamilia ambao chipu haiuoni. Ila kumbuka ya pili bado inabeba sufuria, hilo haliondoki kwa komandi, linaondoka kwa kukusanya taarifa za kaya tangu mwanzo kwenye dodoso.

Na namba ya sehemu moja usiihamishie sehemu nyingine. Ile kazi ya Uganda iliyotoka 2019, ya wanakijiji 6,400 waliopimwa snipu na 1,978 waliosomwa jenomu nzima, waliangalia sifa 34 za moyo na metaboliki wakakuta urithikaji unatofautiana kwa mpangilio kabisa kati ya Waganda na Wazungu, na maelezo yao ni kwamba jeni na mazingira yanagusa tofauti kila mahali. Hii iko ndani ya fomula yenyewe jamani. V(G) iko juu, Vp iko chini, na Vp ina mazingira ndani yake. Kijiji ambacho watoto wengine wanakula vizuri na wengine wana minyoo na utapiamlo, mazingira yanavimba, asilimia ya jeni inashuka, wakati jeni ni zile zile hazijaguswa. Kwahiyo anayekuja na asilimia ya London akaiweka kwenye mpango wa afya wa Mwanza amefanya kosa la hesabu kabla hata hajafanya kosa la sera. Hata zile snipu 12,111 za urefu, kwa watu wasio wa asili ya Ulaya zinaeleza 10 hadi 20% hivi, sio 40.

Mapungufu yake makubwa mengine ni RAM. GRM inakua kwa mraba wa idadi ya watu, na REML inabeba jedwali zaidi ya moja kwa wakati. Watu 10,000, jedwali moja ni kama GB 0.8, hapo hata laptopu nzuri inajikongoja. Watu 50,000, jedwali moja tu GB 20, na muda unapanda kwa mchemraba. Kwa huku sampuli zetu nyingi hilo halitusumbui, ila ukipata data za UK Biobank, ile hifadhi ya Uingereza, za watu laki tano usijaribu GREML ya kawaida, yaani hii REML ya GRM, nenda BOLT-REML, programu nyingine inayomudu sampuli kubwa.

Programu mbadala nazo zipo. LDSC ya 2015 ni kitu kingine, yenyewe haihitaji data za mtu mmoja mmoja, unaipa muhtasari wa GWAS tu na inaangalia kama snipu zenye majirani wengi wanaorithiwa nazo pamoja zina alama kubwa zaidi. Ni nyepesi, inamaliza kwa dakika, na ile namba ya intasepti inakuambia kama GWAS yako imeingiliwa na mchanganyiko wa makabila. Ila alama zake za LD, yaani za huko kurithiwa pamoja, zilizozoeleka ni za Wazungu na za Waasia Mashariki, kwa Waafrika lazima utengeneze za kwako, na kwa watu wa asili mchanganyiko ile hesabu ya kawaida inapotoka. Pia inataka GWAS kubwa. LDAK, programu nyingine, ya Doug Speed, inagombana na GCTA kwenye dhana ya msingi, snipu ipi ipewe uzito gani, na mwaka 2017 walionyesha makadirio yao yanazidi ya GCTA kwa 43% kwa wastani. Mimi naendesha zote mbili, zikipishana sana nalisema kwenye ripoti, maana mpishano wenyewe ni taarifa kuhusu dhana, na rivyua akiuona umeuandika mwenyewe anakuheshimu.

Nimalizie na watu wa ng'ombe maana nyie mna mitego yenu. GCTA inajua binadamu, inadhani autosomu, yaani kromosomu zisizo za jinsia, ni 22. Ng'ombe ana 29. Usipoweka --autosome-num 29 haitazitambua zile za mwisho kama autosomu na hesabu yako itakosa sehemu ya jenomu. Kama mnataka matokeo yalingane na GRM ya fomula ya mtafiti VanRaden ambayo watu wa mifugo wengi wanaitumia, weka --make-grm-alg 1. Na kubwa kuliko yote, ng'ombe wetu wa wafugaji wadogo ni chotara, huyu ana Friesian robo tatu, yule robo, mwingine ana Ayrshire na zebu, kama wale wa ADGG, mradi wa ng'ombe wa maziwa wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Tanzania na Ethiopia. GRM ya kundi kama hilo kitu cha kwanza inachokiona ni asilimia ya damu ya kigeni, na V(G) yako inajaa tofauti kati ya mbari badala ya tofauti kati ya madume ndani ya mbari. Tena mfugaji mwenye uwezo wa kununua Friesian zaidi ndo huyo huyo mwenye uwezo wa kununua pumba na mashudu, kwahiyo na lishe nayo imeingia humo humo. Weka asilimia ya damu kwenye --qcovar, weka wilaya na msimu wa kuzaa kwenye --covar, uone V(G) inashuka kiasi gani, mara nyingi inashuka kweli kweli, na hiyo iliyobaki ndo ya kuchagulia madume. Kisha ongeza --reml-pred-rand kwenye komandi hiyo hiyo, itakupa makadirio ya thamani ya kijenetiki ya kila mnyama mmoja mmoja, unapanga kuanzia juu kwenda chini, unaanza kuzungumza na watu wa uhamilishaji.